Giza Hili la Nani?

Mjukuu wa Bibi ana miaka saba, na tangu Jumapili mbili zilizopita haendi tena chooni usiku peke yake. Choo kiko nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini, chini ya mwembe. Zamani alikuwa anakwenda mwenyewe huku anaimba. Siku hizi saa nane za usiku anamwamsha bibi yake amshike mkono, kwa kuwa amefundishwa kwamba giza ni nyumba ya shetani. Aliyemfundisha, mwalimu wa watoto wa Jumapili, hakulitunga hilo. Wengi wetu tumekua na hesabu hiyohiyo: nuru ni Mungu, giza ni adui, mjadala umefungwa.

Mimi naufungua. Nimejenga baraza ya karatasi, mahali fulani Tanga, nikawakalisha watu wanne. Wa kwanza ni Bibi mwenyewe, mkunga mstaafu. Wa pili ni Mchungaji wa Kilutheri, naye mstaafu, mtu wa Biblia ya Union tangu ujana. Wa tatu ni Mwalimu, binti anayefundisha Kiebrania na Kigiriki katika chuo cha theolojia. Wa nne ni Ustadhi, jirani, aliyetoka kuswali magharibi akaona birika la kahawa likipita. Kanuni ni mbili. Anayelitaja giza alitaje na neno lenyewe la asili, au amwombe Mwalimu amtajie. Na adhana ya isha ikilia, tumemaliza. Bibi kaongeza ya tatu: taa haiwashwi.

"Tunalisengenya giza," alisema. "Liacheni liwepo, lisikie."

Hoja ni hii: giza la Biblia ni uovu.

Mchungaji: Naiunga mkono, na sitazunguka. Waraka wa kwanza wa Yohana unakana kabisa kwamba ndani ya Mungu muna giza, hata chembe. Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba tumetolewa katika mamlaka ya giza. Usiku ule wa Gethsemane, Yesu anawaambia waliokuja na panga na marungu kwamba hiyo ndiyo saa yao, na ndiyo mamlaka ya giza. Na Yuda anapopokea tonge na kutoka nje, Yohana anaongeza maneno matatu tu ya Kigiriki: ulikuwa usiku. Hakuwa anatupa saa. Mwalimu wa watoto kafupisha, lakini hakudanganya.

Mwalimu: Shikamoo, Baba Mchungaji. Umepanga vizuri, ila umeingia nyumba kwa mlango wa nyuma. Hayo yote ni Kigiriki. Tuanze ukurasa wa kwanza, kwenye Kiebrania. Mwanzo 1, mstari wa pili: juu ya vilindi kuna *khoshek*. Hilo ndilo neno la kawaida la giza, la kila siku. Sasa tazama Mungu analifanya nini. Halipigi. Wababeli walikuwa na masimulizi yao ambamo Marduki anamuua Tiamati, kilindi cha maji, kisha anaumba ulimwengu kwa mzoga wake. Hapa hamna vita. Mungu anatenga nuru na giza, kisha analipa giza jina: usiku. Ukilipa kitu jina umekiandika katika daftari lako.

Mchungaji: Lakini aliona kwamba nuru ni njema. Giza hakulisifu.

Mwalimu: Kweli, hakulisifu. Alilipa zamu.

Bibi: Hapo nimeelewa. Miaka thelathini nimeingia zamu ya usiku. Anayeingia usiku hasifiwi na mtu, na wodi haiendi bila yeye.

Ustadhi: Na zamu ya kwanza ni ya nani? Mwanzo inahesabu jioni kwanza, asubuhi baadaye. Ndivyo Wayahudi wanavyoipokea Sabato, jua likizama Ijumaa. Na sisi hapa pwani, usiku huu unaoingia si wa leo tena, ni wa kesho. Wazee wakisema usiku wa Ijumaa, wanakusudia ule unaoitangulia Ijumaa. Siku inazaliwa gizani, kisha inakua mpaka mchana.

Tulinyamaza kidogo hapo. Popo walikuwa wameanza kutoka mwembeni mmoja mmoja, na rangi ya kashata sahanini haikutambulikana tena, ya nazi ipi na ya karanga ipi.

Mwalimu: Niongeze Isaya 45. Nabii anazungumza habari za Koreshi, mfalme wa Uajemi, na ndani yake Mungu anasema yeye ndiye mwenye kuifanya nuru na kuliumba giza. Vitenzi ni viwili. Cha nuru ni *yatsar*, kitenzi cha mfinyanzi na udongo wake. Cha giza ni *bara*, kilekile cha mstari wa kwanza kabisa wa Biblia, kitenzi ambacho mtendaji wake daima ni Mungu. Mtu angetazamia kinyume chake. Mstari huo uliendelea kuwasumbua watu, kwa sababu unamalizia na amani na uovu kwa pamoja. Wayahudi wameuingiza katika sala yao ya asubuhi, lakini mahali pa neno *uovu* wakaweka *vyote*. Giza hawakuligusa. Giza walikubali liwe la Mungu.

Mchungaji: Liwe lake kwa kuliumba, sawa. Hata nyoka kaumbwa. Mimi nauliza kama Mungu anakaa humo.

Mwalimu: Anakaa. Kutoka 20: watu wanatetemeka, wanasimama mbali, Musa peke yake anasogea kwenye *arafel*, na maandiko yanasema Mungu yumo. Sulemani anapofungua hekalu, 1 Wafalme 8, anakumbusha kwamba Bwana alisema atakaa ndani ya *arafel*. Zaburi ya 18 inaiweka *arafel* chini ya miguu ya Mungu, na *khoshek* inaifanya maficho yake. Kwa Kiswahili chetu yote hayo ni giza, giza nene, giza kuu. Kwa Kiebrania *arafel* ni wingu zito, lile linalofunika kilele cha mlima usijue mlima umeishia wapi.

Bibi: Kilimanjaro saa tisa alasiri.

Mwalimu: Hilohilo, Bibi. Wayahudi wa Aleksandria walipolitafsiri kwa Kigiriki, karne ya 3 kabla ya Kristo, waliliita *gnofos*. Na karne ya 4 baada ya Kristo, askofu Gregori wa Nyssa, mji wa nchi ambayo leo ni Uturuki, aliandika maisha ya Musa akaona jambo la ajabu katika mpangilio: Musa anakutana na Mungu kwanza katika moto wa kichaka, kisha katika wingu, kisha katika giza. Kadiri anavyomkaribia, ndivyo anavyoona kidogo. Gregori akasema huko ndiko kuona kwenyewe, kujua kwamba Mungu hatoshi machoni.

Bibi: Mwanangu, hilo silo giza. Hilo ni kiwi. Ukitazama jua unapigwa kiwi, mbele yako panakuwa peusi, na nuru haijapungua hata kidogo. Kilichozidiwa ni jicho.

Mwalimu alitoa kalamu. Nilimwona akiandika neno hilo mkononi, kwenye kiganja, kwa kuwa karatasi haikuonekana tena.

Mwalimu: Basi Paulo njiani kwenda Dameski alipigwa kiwi. Katika Matendo 22 anasimulia mwenyewe kwamba hakuona kwa sababu ya utukufu wa nuru ile.

Mchungaji: Kiwi nakikubali, ni tafsiri nzuri kuliko nyingi nilizosoma. Lakini Mwalimu, umechagua maembe mabivu ukaacha yaliyooza chini ya mti huohuo. *Arafel* si kiti cha enzi siku zote. Ezekieli 34, kondoo wametawanyika siku ya wingu na *arafel*. Yoeli na Sefania wanaitisha siku ya Bwana, siku ya *khoshek* na *arafel*. Yeremia 13 anaweka *arafel* mwishoni mwa njia ya wenye kiburi. Neno moja, na huko hakuna hekalu.

Mwalimu: Limo mara 15 katika Agano la Kale, na ni kweli, zimegawanyika. Lakini moja sijaitaja, na nilikuwa nimemwekea Bibi. Ayubu 38. Mungu anamsimulia Ayubu jinsi bahari ilivyozaliwa. Inatoka tumboni kwa kishindo, maji yanabubujika, na Mungu anaipokea. Anaivika mawingu kama nguo. Na *arafel* anaifanya ukanda wa kumviringishia mtoto mchanga.

Bibi aliweka kikombe chini.

Bibi: Rudia.

Mwalimu: Giza nene ni kitambaa cha kumfunga mtoto.

Bibi: Sasa huyo anajua kazi. Mtoto akitoka tumboni anarusha mikono, anashtuka, anadhani anaanguka. Humpigii kelele. Unamfunga kanga, mikono ndani, unamkaza kidogo, ananyamaza. Ametoka kwenye giza miezi tisa, unamrudishia kidogo la kuzoelea. Bahari ile pale, ndiyo aliyoifunga?

Mwalimu: Ndiyo hiyo.

Bibi: Na sisi tunamwambia mtoto giza ni nyumba ya shetani.

Ustadhi: Bibi, kabla hujamhukumu mwalimu wa watoto, naomba kitu. Mwalimu, hili *uvuli wa mauti* la Zaburi ya 23 ni neno gani kwa Kiebrania?

Mwalimu: *Tsalmavet*. Umegusa kidonda. Likisomwa kama lilivyoandikwa na wasomi wa Kiyahudi walioweka irabu, ni maneno mawili: *tsel*, kivuli, na *mavet*, mauti. Wataalamu wengi wa karne zilizofuata wamelitilia shaka. Wanasema ni neno moja la mzizi *ts-l-m*, lenye maana ya giza totoro, na kifo kiliingizwa baadaye na sikio. Biblia Habari Njema imefuata njia hiyo, ikaandika giza kuu. Neno liko mara 18, kumi kati ya hizo ni ndani ya Ayubu. Ayubu 28 inasimulia wachimba madini wanaofuata mawe mpaka ndani ya *tsalmavet*. Mchimbaji hafuati dhahabu kwenye kivuli cha kifo, anaifuata kwenye giza la shimo. Na Amosi 5 anamsifu Mungu anayeigeuza *tsalmavet* kuwa asubuhi. Kinachogeuka asubuhi ni giza.

Mchungaji: Muulize mchimbaji mwenyewe kama kifo hakimo shimoni! Na katika Ayubu 38 hiyohiyo uliyompa Bibi, milango ya mauti na milango ya *tsalmavet* imesimama bega kwa bega. Tafsiri ya Kigiriki ikaandika kivuli cha mauti, Mathayo akaipokea hivyo anapomtaja Isaya. Mimi nimewasomea waliofiwa zaburi hiyo kando ya makaburi zaidi ya mara mia. Uvuli wa mauti ulikuwa neno sahihi.

Mwalimu: Kando ya kaburi sibishani nawe, Baba. Tena *tsel* peke yake, kivuli, katika nchi ya jua kali kama ile ni neno la rehema. Zaburi ya 121 inamwita Bwana kivuli mkono wa kuume. Lakini Ustadhi, umeuliza kwa sababu.

Ustadhi: Kwa sababu mzizi huo ni jirani yangu. *Ts* ya Kiebrania wakati mwingine kwa Kiarabu inakuwa *dha*. Basi *ts-l-m* kwetu ni *dha-lam-mim*. *Dhulma* ni giza. *Dhulm* ni uonevu. Herufi zilezile tatu. Kiswahili kikaupokea mzigo huo bandarini: dhuluma, dhalimu, kudhulumu. Giza tukaliacha jahazini, tukapandisha uonevu tu. Na katika Kurani, mwanzo wa sura ya Al-An'am, nuru imetajwa kwa umoja na giza kwa wingi, *dhulumati*. Wafasiri wamelisemea sana hilo: njia ya haki ni moja, njia za kupotea ni nyingi.

Mwalimu: Basi soma tena Isaya 9, ile ya Krismasi. Watu wanaokwenda gizani, wanaokaa katika nchi ya *tsalmavet*, ni akina nani? Ni watu wa Zabuloni na Naftali, huko Galilaya, karne ya 8 kabla ya Kristo, majeshi ya Ashuru yamewapitia. Mistari miwili mbele kuna nira, fimbo ya mwonevu, viatu vya askari na nguo zilizoloa damu. Giza lao lilikuwa na viatu.

Ustadhi: Dhuluma.

Mwalimu: Dhuluma. Na Amosi anawashangaa wanaoitamani siku ya Bwana, anawaambia itakuwa giza kwao. Kwa nini? Ukirudi nyuma kidogo, anasema: mnamkanyaga maskini, mnamtoza ngano yake.

Mchungaji: Ndiyo nilichokuwa nangojea! Kwa hiyo lipo giza ambalo ni uovu. Isaya 5 anawalilia wanaoweka giza mahali pa nuru na nuru mahali pa giza. Hiki ndicho ninachokiogopa katika mjadala huu. Tukishamaliza kulipamba giza kwa kiwi na kanga, atatokea mtu mwenye suti atuambie wizi wake ni siri takatifu. Nimewaona.

Hakuna aliyemjibu mara moja. Ilikuwa hoja nzito kuliko zote zilizotangulia, na ilitoka kwa mtu ambaye sasa tulimjua kwa sauti tu. Mwisho wa sigara ya mpita njia uling'aa barabarani, ukazimika.

Mwalimu: Umesema kweli, na Kigiriki cha Agano Jipya kiko upande wako kuliko Kiebrania. Kitu kilibadilika katikati. Mwaka 1947, katika mapango ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, yaliibuka magombo ya Wayahudi wa zamani za Yesu na kabla yake. Mojawapo linapanga vita ya mwisho: wana wa nuru upande huu, wana wa giza upande ule. Huko giza si zamu tena, ni kambi. Lugha hiyo ya wana wa nuru tunaikuta kwa Paulo na kwa Yohana. Lakini angalia Yohana anavyoitumia. Hapendi sana *skotos*, lile neno la zamani ambalo tangu Homeri huwafunika macho mashujaa wanaokata roho. Anapenda *skotia*. Na katika waraka uleule uliofungulia mjadala, Baba, sura ya pili, anaeleza nani yumo gizani. Hamtaji mchawi, wala mtu wa mataifa, wala usiku. Ni yule anayemchukia ndugu yake. Huyo *skotia* imempofusha macho, hajui aendako.

Mchungaji: Hapo hatupingani hata nukta.

Mwalimu: Basi giza la Yohana mtu halikuti nje. Analitengeneza.

Bibi: Na ule mstari wa nuru inayong'aa gizani? Nimeuimba tangu kwaya ya wasichana.

Mchungaji: Yohana 1:5. Union inasema giza *halikuiweza*. Neno zuri, la mieleka.

Mwalimu: Kigiriki ni *katelaben*. Lina mikono miwili. Maana moja ni kukamata, kushinda. Ya pili ni kutambua, kuelewa. Giza halikuishinda nuru, au giza halikuielewa. Watafsiri wengi wamelazimika kukata mkono mmoja.

Bibi: Kwa nini wakate? Semeni halikuishika. Polisi wamemshika mwizi. Mtoto hashiki masomo.

Mchungaji alicheka mpaka akakohoa. Alilirudia neno hilo mara mbili, polepole, kama anayepima noti kwenye mwanga, ingawa mwanga haukuwepo.

Ustadhi: Nina swali ambalo si la dini yangu wala yenu, ni la ngozi. Stanley, yule msafiri wa Kizungu, aliondoka Bagamoyo mwaka 1874, akavuka mpaka mdomo wa mto Kongo, na mwaka 1878 akatoa kitabu ambacho kwenye jalada aliliita bara hili la giza. Mwaka 1890 akatoa kingine, giza likazidishwa hadi totoro. Wasomaji wake walikuwa wameipata wapi lugha hiyo kama si mimbarini? Watu weusi, bara jeusi, giza, shetani. Mnyororo mmoja.

Mwalimu: Mnyororo huo umefuliwa nje ya Kiebrania. Weusi ni *shakhor*. Giza ni *khoshek*. Binti wa Wimbo Ulio Bora anasema ni *shakhor* na ni mzuri, na kiunganishi chake ni *ve*, silabi moja, inayoweza kuwa "na" au "lakini". Wayahudi wa Kigiriki wakaandika *kai*, na: mweusi na mzuri. Jeromu kwa Kilatini akaandika *sed*, lakini: mweusi lakini mzuri. Silabi ile ya Kilatini ndiyo iliyosikika Ulaya karne nyingi. Yeremia anapotaja ngozi ya Mkushi, anasema haibadiliki, basi. Giza halimo katika sentensi.

Mchungaji: Maombolezo 4 je? Nyuso za wakuu wa Sayuni zimekuwa giza kuliko masizi.

Mwalimu: Umenishika, maneno yote mawili yamo. Lakini ni nyuso za watu waliozingirwa wakafa njaa, ngozi imegandamana na mifupa. Ni giza la njaa. Na kwa kuwa tunatajana, Baba, Union yako katika Yuda 13 ina *weusi wa giza*. Kigiriki hakina weusi pale. Wangetaka weusi wangeandika *melas*. Wameandika *zofos*, utusitusi wa kuzimu, mahali pasipofikiwa na miale. Weusi umeongezwa safarini.

Mchungaji: Miaka hamsini nimeusoma mstari huo kwa sauti, mbele ya watu weusi, nikiwa mweusi.

Hakuongeza kitu. Kwa muda tulisikia mawimbi tu, na sahani ya kashata ikipapaswa na mtu.

Bibi: Kupapasa ndiko kulikonikumbusha. Lile giza la Misri, la siku tatu.

Mwalimu: *Khoshek afela*. Kutoka 10 inasema ni giza la kupapaswa. Hawakuonana mtu na mwenzake, hakuna aliyeinuka alipokuwa. Na sura ya 14, kwenye Bahari ya Shamu, wingu moja linasimama katikati ya kambi mbili: kwa Wamisri giza, kwa Waisraeli linaangaza usiku. Wingu lilelile.

Bibi: Basi mimi nina langu, halafu mniamulie. Wodini, mtoto akishafungwa kanga, swali la kwanza ni moja: huyu wa nani? Ukikosea hapo umeharibu nyumba mbili. Ninyi mnabishana giza zuri au baya. Mimi nauliza, hili la nani? La Mungu la kulalia watu, na la bahari, na la Musa, hilo msimtishie mtoto. La mtu aliyemnyang'anya mwenzake, hilo likimbieni, Mchungaji ana haki yake. Ila msimpe huyu mtoto wa yule.

Ustadhi: Na lile la siku ya msalaba? Nimelisikia kwenu kila Ijumaa Kuu, kipaza sauti hakina dini.

Mwalimu: *Skotos*, kutoka saa sita hadi saa tisa. Na hapo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufanyiwa hesabu. Wengine huandika tanbihi kueleza kwamba saa ya sita ni adhuhuri. Saa yetu na saa ya Marko zinaanza kuhesabu jua likichomoza. Ni saa sita, jua la utosi.

Ustadhi: Basi halikuwa kupatwa kwa jua. Pasaka ni mwezi 14, mwezi mpevu. Jua hupatwa mwezi ukiwa umefichama, ishirini na nane, ishirini na tisa. Mtoto yeyote wa madrasa anayengojea mwandamo anajua.

Bibi: La nani, sasa?

Mchungaji: La hukumu. Amosi 8 alisema jua litatuzwa adhuhuri. Na Mathayo peke yake anataja giza la nje, mara tatu: nyumba ya karamu imewaka taa, na mtu katupwa uani. Pale msalabani Bwana ametupwa uani.

Mwalimu: Au ni *arafel*. Watu wamesimama mbali, kama Sinai, na Mungu yumo ndani. Waebrania 12 anasema hamkuufikia mlima wa *gnofos* na *zofos*, lakini saa tatu zile, pale kilimani, naona kama mlima wenyewe uliwafuata.

Bibi: Mkunga mimi nasema ni la uzazi. Lakini Marko kasema la nani?

Mwalimu: Marko hakusema. Kasema giza likawa juu ya nchi yote, akaendelea.

Bibi: Basi tuliache kama alivyoliacha.

Adhana ikaanza, msikiti wa karibu kwanza, wa mbali ukiufuata nyuma kidogo. Ustadhi alipapasa makubazi yake kwa miguu, akakosea akavaa moja la Mchungaji, wakabadilishana. Mchungaji aliahidi kwamba Jumapili atamwona yule mwalimu wa watoto, si kumgombeza, kumpa Ayubu 38 amfundishie. Waraka wa Yohana alisema hauachii, na hakuna aliyemwomba auachie.

Mjukuu alikuwa amekaa muda wote nyuma ya mlango. Tulijua kwa sababu alipiga chafya. Bibi alimwita.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Giza ni kanga ya bahari."

"Haya. Nenda chooni basi, kabla hujalala."

Alisimama kizingitini. Hatua ishirini mpaka mwembeni, na hakuna aliyemsukuma. Kisha akauliza kama anaweza kuchukua tochi.

"Chukua," alisema Bibi. "Nyoka hajui Kiebrania."